Neno la Mjane: Ndoa ya Kikristo kutoka Thogoto hadi Matasia

Mwaka 1920, katika misheni ya Waskoti pale Thogoto, magharibi mwa Nairobi, wazee wa kanisa walimwita kijana mmoja mbele ya baraza lao ajieleze. Alikuwa amebatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Dunia ilikuja kumjua baadaye kama Jomo Kenyatta. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa Grace Wahu kwa mila za Wakikuyu, hakufika kanisani, na sasa Wahu alikuwa mjamzito. Baraza lilimtenga na Meza ya Bwana na kumtaka akafunge ndoa mbele ya hakimu Mzungu. Mtoto wao, Peter Muigai, alizaliwa Novemba mwaka huohuo. Ndoa ya serikali ilifungwa Novemba 1922, miaka miwili baadaye, siku ambazo Kenyatta alikuwa ameajiriwa na manispaa ya Nairobi kusoma mita za maji na alikuwa na duka lake Dagoretti.

Kisa hiki husimuliwa kila mara kama ukurasa katika maisha ya Baba wa Taifa. Mimi hukisoma nikimtafuta Wahu. Alikuwa amesoma kwenye misheni ya Waanglikana ya Kabete, mwendo mfupi kutoka Thogoto. Kwa wazazi wake alikuwa mke wa mtu. Kwa wazee wa kanisa alikuwa akiishi dhambini. Kwa serikali ya mkoloni hakuwa mke wa yeyote mpaka karatasi ipigwe mhuri. Mwanamke mmoja, mimba moja, na mamlaka tatu zinabishana iwapo ameolewa. Na katika mabishano yote hayo, aliyeitwa kujieleza ni mume.

Ukitaka kujua Ukristo umesema nini juu ya mwanamke, ndoa na uzazi katika upande huu wa Nairobi, itakubidi ukae Thogoto kwa muda. Hapo kanisa lilitoa ahadi: kwamba mwanamke ni mtu kamili mbele za Mungu, kwamba atakuwa mke mmoja wa mume mmoja, na kwamba mume akifa hatapitishwa kwa ndugu kama mali ya boma. Waliotoa ahadi hiyo walikuwa wanaume, na wengi wao hawakuipima uzito. Wanawake ndio walioishika. Waliibeba kwa zaidi ya miaka 80, mpaka mmoja wao akaipeleka Mahakama Kuu ya Nairobi akitaka itimizwe.

Misheni yenyewe ilianzia Kibwezi mwaka 1891, ikahamishiwa nchi ya Wakikuyu mwaka 1898 chini ya Thomas Watson. Walifika wakati mbaya. Njaa kuu ilikuwa imeshika nchi, na ndui ikafuata nyuma yake. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula. Desemba 1899 Watson aliteremka Mombasa kumpokea mchumba wake, Minnie Cumming, aliyetoka Dundee, wakafunga ndoa hukohuko pwani na kupanda bara. Agosti 1900, ndoa yao ikiwa na miezi minane, Thomas alikufa kwa ugonjwa wa mapafu.

Minnie angeweza kurudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Aliendesha misheni hiyo mpaka David Clement Scott alipofika mwaka 1901 kuiongoza kwa niaba ya Kanisa la Scotland, kisha akaendelea kufundisha watoto, kuuguza wagonjwa na kulea wasichana kwa miaka mingine 30. Wenyeji walimwita Bibi wa Ngambi, yaani bibi wa kambi. Aliondoka mwaka 1931, akafa Scotland mwaka 1949, na majivu yake yakaletwa kuzikwa Thogoto.

Tuwaze kidogo wanawake wa Kikuyu waliokuwa wakimtazama. Mwanamke wa kwanza Mkristo waliyemwona kwa karibu, siku baada ya siku, alikuwa mjane ambaye hakurithiwa na mtu. Hakuwa na mtoto. Hakukuwa na shemeji aliyekuja kumchukua. Alishika funguo, akagawa kazi, akafundisha, akazeeka akiwa na jina lake. Mahubiri mangapi yalihubiriwa Thogoto juu ya cheo cha mwanamke mbele za Mungu sijui, lakini naamini hakuna hata moja lililosikika kuliko maisha ya mjane huyo.

Sitaki kuipaka mila matope ili kanisa ling'ae. Mke katika boma la Kikuyu alikuwa na nyumba yake, ghala lake na shamba la kulima, na hata wake wenza hawakuingiliana jikoni. Mahari, ruracio, haikuwa bei. Ilifunga ukoo na ukoo, na haikuisha siku moja. Mjane hakutupwa nje: alibaki kwenye ardhi ya mumewe, na watoto aliowazaa baadaye walihesabiwa kuwa wa marehemu. Mambo hayo yalimlinda mwanamke. Lakini yalimlinda kama sehemu ya nyumba ya mtu fulani. Kutoka kwa baba alikwenda kwa mume, na kutoka kwa mume aliyekufa alikwenda chini ya ulinzi wa ndugu zake. Msichana aliyetaka njia nyingine hakuwa na mahali pa kukimbilia, mpaka misheni zilipojenga mabweni.

Mabweni hayo, ya Thogoto na ya Kabete, ndiko vita vilikoanzia, miaka mingi kabla ya magazeti ya Uingereza kuvisikia. Baba aliyempoteza binti bwenini alipoteza mikono ya shambani na pia aliona mahari ikiyeyuka. Wasichana wengine walikuja kwa kupenda kusoma, wengine walikuwa wakimkwepa mzee waliyechaguliwa. Baba au kaka alikuja kudai, mmisionari akasimama mlangoni, na mara nyingine ugomvi ukaishia kwa mkuu wa wilaya. Wasichana hao walikuwa wamefanya jambo ambalo halikuwa na jina: walikuwa wamesema hapana kwa miguu yao wenyewe.

Upande wa kanisa nao ulikuwa na ukatili wake, na ni haki usemwe. Mwanamume mwenye wake watatu aliyetaka kubatizwa aliambiwa abaki na mmoja. Wawili walikwenda wapi? Walikuwa wameolewa kwa haki, wakazaa kwa haki, na sasa waliachwa kwa jina la Kristo, pengine na watoto mgongoni. Maaskofu wa Kianglikana walikuwa wameweka msimamo huo katika mkutano wao wa Lambeth mwaka 1888. Ulidumu miaka 100 kamili. Ni mwaka 1988, kwa juhudi kubwa za askofu Mkenya, David Gitari, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu mwenye kiti chake katika Kanisa Kuu la All Saints mjini Nairobi, ndipo Lambeth ilipokubali kwamba mume wa wake wengi apokewe kanisani pamoja na familia yake, asiwafukuze wake alio nao, ila asiongeze mwingine. Miaka 100 ya wanawake walioachwa ili mwanamume aingie mbinguni! Nadhani kanisa bado halijawalilia vya kutosha.

Kisha ukaja mwaka 1929.

Tohara ya wasichana, irua, ilikuwa imewasumbua wamisionari wa Thogoto tangu mwanzo. Dakta John Arthur, aliyefika mwaka 1907 kama tabibu na baadaye akaiongoza misheni, alikuwa ameona hospitalini akina mama waliopata taabu kubwa wakati wa kujifungua kwa sababu ya makovu, na aliona watoto wakifa. Hoja yake ilianzia hapo, kwenye kitanda cha uzazi. Machi 1929 wajumbe wa makanisa kadhaa walikutana Tumutumu, Nyeri, wakaazimia kwamba Mkristo asimtahiri binti yake. Chama cha Kikuyu Central Association kilipinga. Miezi michache baadaye Arthur na wenzake walidai kila mshiriki na kila mwalimu aape kwa maandishi kwamba ameikana irua na kwamba si mfuasi wa chama hicho. Waliojua kuandika walitia sahihi. Wengine walichovya kidole gumba kwenye wino na kukigandamiza kwenye karatasi, na alama hiyo, kirore, ikawa jina la waliokubali na jina la mgogoro wote.

Kanisa la Thogoto lilipasuka. Washirika walitoka kwa mamia, shule zikabaki na madawati matupu. Wimbo wa dhihaka wa Muthirigu ukaenea kila kilima, ukiwatukana Arthur, machifu na wasichana wasiotahiriwa, mpaka serikali ilipoupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Mwezi huohuo wa Januari, mmisionari wa Kimarekani, Hulda Stumpf, mwanamke mzee aliyekuwa katika misheni ya Kijabe, aliuawa chumbani mwake. Huko London wabunge wanawake, Duchess of Atholl na Eleanor Rathbone, walilipeleka suala hilo bungeni. Walioondoka walianzisha shule zao huru. Baadhi yao, waliojulikana kama Karing'a, walifungua njia kwa kanisa la Orthodox, ambalo mpaka leo lina makao na chuo chake cha makasisi Riruta.

Historia ya mgogoro huu imeandikwa mara nyingi kama pambano la Arthur na Kenyatta, aliyekuwa mtu wa Kikuyu Central Association, la misheni na chama, la Mzungu na ardhi. Na ardhi ilikuwemo kweli. Watu waliogopa kwamba msichana asiyetahiriwa ataolewa na mgeni na shamba liende naye. Lakini tusikilize pande zote mbili zilivyokuwa zikisema. Daktari alisema: mwacheni msichana mzima, ili awe mama. Wazee walisema: mtahirini msichana, ili awe mama, kwa kuwa asiyepita irua hawezi kuolewa na mtoto wake ataleta mikosi. Pande zote mbili zilipigania uzazi wa mwanamke. Pande zote mbili zilikuwa na wanaume mbele.

Wanawake wenyewe walikuwa wameanza kusema kabla hawajaulizwa. Miaka hiyohiyo ya 1920, akina mama Wakristo wa Kikuyu katika misheni ya Waskoti waliunda kundi lao, Kiama Kia Ngo, Baraza la Ngao. Kiama lilikuwa jambo la wazee wa kiume wenye mbuzi na fimbo. Ngao ilikuwa silaha ya vijana wa vita. Wao walichukua vyote viwili. Waliahidiana kwamba binti zao hawatakatwa, na wakasimama kuwakinga, mama mmoja mmoja, dhidi ya shangazi, dhidi ya bibi mzaa baba, mara nyingine dhidi ya waume wao wenyewe. Hilo halikuwa jambo la mjadala bungeni. Lilikuwa jambo la kuamka usiku kwa hofu kwamba msichana atachukuliwa kabla ya mapambazuko. Mwenye kuweka kidole kwenye karatasi ya Arthur aliweza kutubu na kurudi kwa wenzake baada ya mwaka. Mama aliyemzuilia binti yake kisu alikuwa ameamua juu ya ndoa ya binti huyo, juu ya wajukuu wake, juu ya nani atamsalimu kisimani mpaka afe.

Kutoka kwenye mbegu ile ulikua Woman's Guild, chama cha akina mama wa PCEA, kanisa lililotokana na misheni hiyo, ambacho leo hakuna parokia isiyokuwa nacho, kuanzia St. Andrew's katikati ya jiji hadi kwenye makanisa ya Kawangware, Kangemi na Kikuyu. Mwanachama anapokubaliwa rasmi huvishwa kitambaa cha kichwa mbele ya kanisa, gitambaya. Wenye kitambaa ndio wanaozika, wanaouguza, wanaochanga, wanaokaa na mjane siku 7 za mwanzo. Lakini kwa miaka mingi kitambaa kilifuata cheti cha ndoa, na mwanamke aliyezaa nje ya ndoa alikaa nyuma ya kanisa akiwatazama wenzake wakivishwa. Ngao ikawa pia ukuta. Mwanamke aliyeachiwa mimba na kijana wa kwaya alihukumiwa, na kijana aliendelea kuimba. Serikali huru haikumsaidia: sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kudai matunzo ya mtoto kwa baba ilifutwa na Bunge mwaka 1969.

Mwaka 1982 kanisa hilo lilimweka wakfu mchungaji wake wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge. Alipoandika kitabu cha maadili ya Kikristo kwa jicho la mwanamke wa Kiafrika, kilichotoka mwaka 2000, alikipa jina la Kiama Kia Ngo. Alijua anadai urithi wa nani.

Turudi kwenye ahadi. Mwaka 1931, mwaka uleule Minnie Watson alipoaga Thogoto, serikali ya koloni ilitoa sheria ya ndoa na talaka za Waafrika Wakristo. Ndani yake mlikuwa na kifungu juu ya mjane. Kilisema kwamba mwanamke Mwafrika aliyeolewa kwa ndoa ya Kikristo au kwa Sheria ya Ndoa, mumewe akifa, atahesabiwa kuwa mtu mzima mwenye uamuzi wake. Hatalazimika kuishi na ndugu wa marehemu wala kuwa chini ya amri yake. Na bado atabaki na haki ya kutunzwa yeye na watoto wake. Wasomaji wa leo wanaweza kukipita bila kushtuka. Katika koloni la mwaka 1931 lilikuwa jambo zito mno: sheria ya nchi ilimtambua mwanamke Mwafrika kuwa na neno la mwisho juu ya nafsi yake. Mlango wa haki hiyo ulikuwa ndoa, na ufunguo wake ulikuwa kifo cha mume. Njia ya ajabu ya kumfikisha mtu utu uzima, lakini ilikuwa njia.

Miaka mitano baada ya sheria hiyo, mwaka 1936, alizaliwa Virginia Edith Wambui katika ukoo wa Waiyaki wa Kikuyu. Babu wa ukoo, Waiyaki wa Hinga, alikuwa amekufa mikononi mwa Waingereza mwaka 1892, akazikwa Kibwezi, mji uleule ambako misheni ya Waskoti ilitua kwanza. Baba yake Wambui, Tiras Waiyaki, alikuwa Mpresbiteri na afisa wa polisi. Msichana huyu alikulia kwenye kivuli cha Thogoto, akala kiapo cha Mau Mau akiwa kijana, akakimbilia Nairobi kufanya kazi ya siri ya vita, na mwaka 1960 akawekwa kizuizini Lamu. Alipoandika maisha yake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1998, hakuficha aliyotendewa huko na afisa wa kizungu. Mwaka 1969 aligombea ubunge wa Langata, wakati ambapo mwanamke kwenye jukwaa la siasa alionekana kama aliyepotea njia.

Mwaka 1963 aliolewa na Silvano Melea Otieno, wakili Mjaluo kutoka Nyalgunga, Siaya, kwa Sheria ya Ndoa, jijini Nairobi. Mkikuyu na Mjaluo. Walikaa Langata, wakazaa na kulea watoto wengi, wengine wakiwa si wa kuzaa wao, na wakanunua shamba Upper Matasia, upande wa Ngong. Otieno alikuwa bingwa wa kesi za jinai, msomaji wa Shakespeare, mtu wa jiji. Alikufa tarehe 20 Desemba 1986.

Wambui alitaka kumzika Matasia. Ukoo wa Umira Kager, ukiongozwa na ndugu wa marehemu Joash Ochieng' Ougo na msemaji wao Omolo Siranga, ulisema atazikwa Nyalgunga, kwenye ardhi ya baba zake. Kesi ilipanda na kushuka kati ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, kisha ikasikizwa kwa ushahidi kamili mbele ya Jaji S. E. O. Bosire kuanzia Januari 1987. Wakenya walioishi siku hizo wanakumbuka. Umati ulijaa nje ya majengo ya mahakama kila asubuhi, magazeti yalichapisha maswali na majibu neno kwa neno na yakaisha kabla ya saa nne. Maiti ililala mochari ya jiji.

Wakili wa Wambui, John Khaminwa, alijenga hoja juu ya ndoa ya kisheria, juu ya maisha ya mjini na juu ya Ukristo: mtu huyu alikuwa ameishi kama mume wa mke mmoja, nyumba yake ilikuwa nyumba ya Kikristo, mkewe ndiye wa karibu kuliko wote. Wambui alipopanda kizimbani alisema kwamba yeye ni Mkristo aliyeokoka, na kwamba mumewe alikuwa amemwambia anataka kuzikwa Matasia. Richard Kwach, wakili wa ukoo, alimhoji bila huruma, na akaleta mashahidi wa mila, akiwemo mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Profesa Henry Odera Oruka. Alikuja pia mchimba makaburi wa Nyalgunga, Albert Ong'ang'o, akasema kwamba marehemu aliwahi kumwambia amwandalie kaburi nyumbani. Neno la mke wa miaka 23 likawekwa kwenye mizani na neno la mchimba makaburi.

Neno "kuokoka" lililotoka kizimbani lilikuwa na historia yake katika nchi ya Wakikuyu. Vuguvugu la uamsho kutoka Rwanda lilifika Kenya mwaka 1937, na miaka iliyofuata likaenea Ukikuyuni. Katika mikutano yake mwanamke alisimama na kushuhudia mbele ya wanaume, mume alitubu kwa mkewe hadharani, na undugu wa Kalvari ukatangulizwa kuliko undugu wa damu. Wengi wa ndugu hao walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi wakauawa. Wambui alikuwa amekula kiapo hicho. Kwamba yeye, binti wa Mau Mau, alisimama mwaka 1987 akitumia lugha ya waliokataa kiapo, ni jambo linaloonyesha jinsi ahadi ile ilivyokuwa imeingia ndani kuliko makundi ya siasa.

Tarehe 13 Februari Bosire alitoa hukumu kwa ajili ya ukoo. Tarehe 15 Mei majaji watatu wa Rufaa, Nyarangi, Platt na Gachuhi, waliithibitisha. Walisema kwamba kwa sheria ilivyo, Mwafrika raia wa Kenya hana njia ya kujivua mila za kabila la baba yake, hata akikaa mjini vipi na kuoa kwa sheria gani. Na kwa mila za Kijaluo, mke hana haki ya kumzika mumewe. Tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufa, Otieno alizikwa Nyalgunga. Wambui hakwenda.

Mimi naona mahakama ilikosea, na nasema hivyo nikiheshimu uchungu wa ukoo. Mjaluo anayezikwa mbali na nyumbani huacha jeraha, na Umira Kager hawakuwa wanaigiza. Lakini hukumu haikuishia kwenye kaburi. Iliwaambia wanawake wote waliokuwa wamesimama mbele ya mchungaji au msajili, wakaambiwa kwamba wawili hao si wawili tena, kwamba maneno yale yana nguvu mpaka mume avute pumzi ya mwisho, na hapo mke anarudi kuwa mgeni. Kanisa lilikuwa limefundisha kinyume kwa karibu karne nzima. Na siku ile lilipohitajika kusema kwa sauti moja, lilinong'ona. Wachungaji wenyewe walikuwa na makwao, na kila mmoja alijua atakapozikwa.

Mambo yalisogea baadaye, polepole. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 45, iliwapa mume na mke haki sawa ndoa inapofungwa, inapodumu na inapovunjika, na ibara ya 2 ikabatilisha mila yoyote inayopingana na katiba. Ila usiku wa tarehe 20 Machi 2014, kwenye Bunge katikati ya jiji, wabunge wanaume walikiondoa katika mswada wa ndoa kipengele kilichotaka mke wa kwanza wa ndoa ya kimila akubali kabla mumewe hajaongeza mwingine. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira. Safari hii viongozi wa makanisa walisema waziwazi, wakapinga. Rais alitia sahihi mwezi uliofuata.

Sheria hiyo ya 2014 ilikusanya sheria zote za ndoa mahali pamoja na kuzifuta za zamani, ile ya 1931 ikiwemo. Kifungu cha mjane kikaondoka pamoja nayo. Wambui hakuwepo tena kukiona kikiondoka; alikuwa amefariki Agosti 2011. Lakini alikuwa amekitumia kwa namna yake. Mwaka 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa kwa ndoa ya serikali jijini Nairobi na Peter Mbugua, fundi wa mawe mwenye miaka 25. Kelele zilikuwa kubwa: wachungaji, wanasiasa, jamaa wa karibu, wote walikuwa na la kumwambia mama huyo juu ya umri wake, juu ya heshima ya marehemu, juu ya watoto watasema nini. Aliwasikiliza, akaenda na mumewe nyumbani.